Kilima Kimoja, Sura Mbili: Viwango vya Pamoja na Simuleta za Jeshi

Wanajeshi wanne wako ndani ya simuleta ya kifaru, yaani mashine ya kufanyia mazoezi bila kifaru halisi. Wamekisogeza nyuma ya kilima, wakasimama, wanasubiri. Kwenye skrini zao kilima kimewafunika kabisa. Katika jengo jingine, pengine nchi nyingine, wenzao wanaocheza upande wa adui wanatumia simuleta ya kampuni tofauti. Ramani ni ileile, lakini kompyuta yao imekichora kilima kile kwa pembetatu chache zaidi, kikapungua kimo kwa mita mbili. Wao wanaona mzinga na nusu ya kifaru vimetokeza juu ya kilele. Wanafyatua. Wale wanne wanaambiwa wamekufa, na jioni kwenye tathmini watatafuta kosa ambalo hawakulifanya.

Mtandao haukuwa na hitilafu yoyote. Kila pakiti ya data ilifika, na kila mfumo ulifuata kiwango kilichokubaliwa cha namna simuleta zinavyowasiliana. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini tatizo lake ni la kweli na wahandisi wa fani hii wanalijua vizuri: mapambano yanakosa haki kwa sababu mashine mbili hazioni dunia moja. Wanaosifu viwango vya pamoja huzungumzia pakiti. Wanaovilalamikia huzungumzia kilima. Ndiyo maana mjadala wao umechukua zaidi ya miaka 30 bila kuisha.

Mwanzoni hapakuwa na haja ya kubishana. Mwaka 1983 DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, lilianzisha mradi wa SIMNET chini ya Jack Thorpe, ofisa wa Jeshi la Anga. Simuleta zaidi ya 200, zikiwemo za kifaru cha M1, ziliunganishwa, nyingine zikiwa Fort Knox, Kentucky, nyingine Ujerumani. Zote zilitoka kwenye mradi mmoja, kwa hiyo kilima kilikuwa na sura moja kwa wote. Kilichowasumbua ni wembamba wa mtandao wa wakati ule, na waliupatia dawa ambayo nahodha yeyote wa jahazi angeitambua. Ukijua chombo kilikuwa wapi, kinaelekea wapi na kwa kasi gani, unaweza kukadiria kilipo sasa bila kukiona. Kila simuleta ilikadiria mahali walipo wenzake, na mwenye kifaru alituma ujumbe mpya pale tu mwendo wake ulipotofautiana mno na makadirio hayo.

Mbinu hiyo ikaingia kwenye kiwango cha DIS, kilichopitishwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1993. Ujumbe wa msingi wa DIS, unaoeleza mimi ni nani na niko wapi, una baiti 144. Hata kifaru kilichosimama huutuma kila baada ya sekunde tano. Kikinyamaza kwa sekunde 12, wenzake hukihesabu kuwa kimeondoka. Mhandisi kijana anaweza kuusoma ujumbe huo siku moja na kuanza kuutumia siku ya pili. Kwa maoni yangu wepesi huo ndio uliokifanya kiwango hiki kidumu mpaka leo, ingawa kilitangazwa kuwa cha zamani muda mrefu uliopita.

Udhaifu wake ulikuwa wazi pia. DIS ilibuniwa kwa mambo yanayotokea sasa hivi: kifaru hiki, ndege hii, risasi hii. Michezo ya vita ya makamanda haiendi hivyo. Ndani yake batalioni nzima ni kitu kimoja, na saa ya mchezo inaweza kukimbizwa ili siku tatu zipite kwa alasiri moja. Pentagon ikaamua kutafuta paa moja la kuwafunika wote. Mwaka 1996 likazaliwa shirikisho la HLA (High Level Architecture), yaani muundo wa kuunganisha mifumo ya uigaji ya kila aina, na Septemba mwaka huo Paul Kaminski, naibu waziri aliyesimamia ununuzi na teknolojia, akatia saini agizo lisilo na mchezo. Kuanzia mwaka wa fedha 1999, mfumo usiofuata HLA usipewe pesa ya kuuendeleza. Kuanzia 2001, usitumike kabisa.

Ninasema shirikisho kwa makusudi, maana ndilo wazo lenyewe. Kila mfumo ni mwanachama anayebaki na mambo yake ya ndani. Programu ya katikati, inayoitwa RTI, ndiyo inayosambaza habari, kuhamisha umiliki wa vitu na kulinganisha saa ili mwanachama mwenye kasi asimwache nyuma mwenye kujikokota. Juu ya hayo, wanachama huandika kamusi ya pamoja inayosema ni vitu gani vitazungumziwa na kila kimoja kina sifa gani. Mwaka 2000 IEEE ikaupitisha mpango huu kuwa kiwango namba 1516, na NATO nayo ikauchukua.

Wanaoutetea wana ushahidi. Mwaka 2002, katika zoezi kubwa la Marekani la Millennium Challenge, mifumo zaidi ya 40 ya uigaji iliunganishwa pamoja. Bila kanuni za pamoja, mifumo 40 inaweza kudai vikalimani mamia, kila jozi na chake. Nchi ndogo mwanachama wa NATO, isiyo na pesa ya kujenga kila kitu, inaweza kuleta simuleta yake moja ya helikopta na kushiriki zoezi la mataifa. Hilo si jambo dogo. Rubani aliyefanya makosa yake ya kwanza ya ushirikiano kwenye skrini hayarudii akiwa hewani na watu nyuma yake.

Malalamiko nayo yana uzito. HLA ilisanifu namna programu inavyoongea na RTI, lakini iliacha wazi namna data zinavyosafiri kwenye waya. Nia ilikuwa njema, kila mtengenezaji abuni njia yenye kasi zaidi. Matokeo yake ni kwamba RTI ya kampuni moja haikuweza kuongea na RTI ya kampuni nyingine, hata zote zikiwa na cheti. Wanaoshiriki zoezi moja inabidi wakubaliane kununua kwa mtu mmoja au waweke daraja katikati. Viwanja vya majaribio ya silaha halisi viliona HLA haikidhi mahitaji yao, vikaenda na mfumo wao wa TENA. Agizo lililotaka nyumba moja likaishia na nyumba tatu na madaraja kati yake.

Hata hivyo hayo yanatibika kwa uhandisi. Toleo la HLA la mwaka 2025 limeongeza itifaki rasmi kati ya mwanachama na RTI, na sehemu ya lawama ya waya imepata jibu. Kinachonisumbua zaidi ni maana. Mwambie mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi mkutane saa mbili asubuhi. Maneno yatamfikia bila kupungua, na huenda akaja usiku wa manane. Mifumo nayo huumia hivyohivyo. Kamusi ya pamoja inasema kifaru "kimeharibika". Kwa mfumo mmoja maana yake hakiwezi kutembea lakini bado kinapiga, kwa mwingine kimetoka vitani. Yote miwili imetuma neno lililo sahihi.

Hapo ndipo ahadi ya kutumia tena mfumo uleule inaponipa wasiwasi kuliko ahadi ya kuuunganisha. Mfumo wa uigaji hujengwa kujibu swali fulani. Uliojengwa kufundisha wahudumu wa kifaru hujali kutikisika kwa kiti na moshi wa mzinga, na uliojengwa kukadiria mafuta yatakayotumiwa na divisheni hauna haja ya hata kimoja. Ukiuchomeka wa kwanza kwenye swali la pili, utajibu, tena kwa tarakimu zenye nukta na desimali. Hakuna kitu katika kiwango kinachoulazimisha useme mipaka yake.

Msimamo wangu ni kwamba viwango vibaki, vilazimishwe, na agizo lile la 1996 lilikuwa la haki. Kosa lilikuwa kumpokea mwanachama kwa sababu tu amefaulu mtihani wa kuunganishwa. Mkataba wa ununuzi ungepaswa kudai vitu viwili zaidi kabla ya malipo ya mwisho. Cha kwanza ni waraka wa mambo ambayo mfumo umeyachukulia kuwa kweli na yale uliyoyaacha. Cha pili kinaweza kufanywa kwa asubuhi moja: wahandisi wa pande zote wachague vilima hamsini kwenye ramani, waweke kifaru nyuma ya kila kimoja, na kila mmoja aandike anachokiona kwenye skrini yake kabla hajaruhusiwa kutazama ya mwenzake.