Tasca za Ureno na Swali la Nani Bado Anakula Humo

Kila tasca inapofungwa Lisbon au Porto, mjadala uleule huanza upya. Tasca ni mkahawa mdogo wa mtaani wenye meza chache zilizotandikwa karatasi, menyu iliyoandikwa kwa mkono na kubandikwa dirishani asubuhi, na divai inayoletwa mezani kwa jagi. Mara nyingi mume husimama kaunta na mke hushika jiko. Wapo wanaosema kwamba huu ni urithi wa taifa unaomezwa na utalii na kodi kubwa za pango, na kwamba serikali ina wajibu wa kuulinda. Wengine hujibu kuwa biashara huzaliwa na kufa, kwamba wateja wenyewe wamebadilika, na kwamba mji hauwezi kugeuzwa makumbusho ili kuwaridhisha wanaoukumbuka ujana wao. Kila upande una ukweli wake, lakini zote mbili hupita haraka mbele ya swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: ni nani bado anamudu kula humo mchana?

Asili ya tasca inaeleza kwa nini swali hilo lina uzito. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wengi maskini kutoka Galicia, eneo la Uhispania linalopakana na Ureno upande wa kaskazini, walihamia Lisbon wakafanya kazi za kubeba maji na mizigo, na baadhi yao wakafungua maduka yaliyouza mkaa upande mmoja na divai upande wa pili. Aliyefuata mkaa akapata glasi, baadaye kipande cha samaki, baadaye sahani nzima, na duka likawa mahali pa kula. Mapishi yenyewe ni ya watu wasiotupa kitu. Huko Alentejo, kusini mwa nchi, hupikwa açorda: kitunguu saumu, majani ya kotmiri na chumvi hupondwa kinuni mpaka vilainike, humiminiwa mafuta ya zeituni, kisha yakafuata maji ya moto ambamo yai limeivishwa bila ganda, na mwisho hutiwa vipande vya mkate mkavu wa jana vinavyonyonya mchuzi huo wote. Hakuna nyama ndani yake, na mtu hushiba. Porto hujivunia utumbo wa ng'ombe uliopikwa na maharage meupe. Minho, kaskazini-magharibi mwa nchi, wana supu ya viazi iliyotiwa majani yaliyokatwa nyembamba mno ya mboga ambayo msomaji wa Nairobi angeitambua mara moja kuwa ni ndugu wa sukuma wiki. Pwani kuna pweza, kuna sardini za kuchoma mwezi Juni, na kila mahali kuna bacalhau, ng'onda wa bahari baridi za kaskazini, ambaye Wareno wamemfanya chakula cha taifa ingawa havuliwi katika maji yao. Nguruwe na divai vina nafasi kubwa, ni kweli, lakini hata asiyevigusa hakosi chakula cha kumshibisha.

Wanaotaka ulinzi wanazo hoja zenye tarehe na takwimu. Mwaka 2011 Ureno ilikopeshwa euro bilioni 78 na Umoja wa Ulaya pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa, na miongoni mwa masharti lilikuwemo la kulegeza soko la nyumba za kupanga. Sheria ya 2012 ikafungua njia ya kuiondoa mikataba ya zamani, ya makazi na ya biashara, kwenye kodi ndogo za pango zilizodumu kwa miongo mingi. Mwaka huohuo kodi ya ongezeko la thamani kwa migahawa ilipandishwa kutoka asilimia 13 hadi 23, na kwa upande wa chakula haikurudishwa 13 mpaka Julai 2016. Mwaka 2014 ikaja sheria iliyorahisisha nyumba za makazi kukodishwa kwa watalii. Anayeuza sahani kwa bei ya fundi wa ujenzi na karani wa posta hana pa kuzipeleka gharama hizo: akipandisha bei, wateja wake wa kila siku wanaondoka, asipopandisha, mwenye jengo anapata mpangaji mwingine, na wakati anaendelea kutafakari, majirani waliokuwa wakila kwake wamekwisha kuhamishwa wao wenyewe. Kwa hiyo anayesema kwamba soko ndilo lililoamua amesema nusu tu, kwa kuwa masharti ya soko hilo yaliandikwa na kupigiwa kura bungeni.

Hata hivyo upande wa pili haufai kudharauliwa, na ningependa watetezi wa tasca waukabili kwa uaminifu zaidi. Chakula kile cha bei nafuu kiliwezekana kwa sababu kulikuwa na mwanamke aliyesimama jikoni tangu alfajiri hadi usiku, siku sita kwa juma, bila mshahara wa kuandikwa popote. Watoto waliosomeshwa kwa jasho hilo hawataki kulirithi, na sioni kwa haki gani mtu awalaumu. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa wanaume kwa muda mrefu, na ulevi ulioanzia pale kaunta uliumiza familia nyingi, hasa katika zama za udikteta wa Salazar, serikali yake ilipohimiza unywaji wa divai kana kwamba ni uzalendo. Kuhusu usafi, mamlaka ya ukaguzi wa chakula na uchumi, ASAE, iliyoundwa mwaka 2005, ililaumiwa sana kwa kuua mila kwa kanuni. Baadhi ya ukali wake ulizidi, lakini kanuni inayotaka mafuta ya zeituni yaje mezani katika chupa isiyoweza kujazwa tena ilimlinda mlaji dhidi ya kuuziwa mafuta hafifu kwa jina la mazuri, na sioni mila iliyokufa hapo.

Hoja ya kwamba tasca ni ya Kireno tupu kwa asili, isiyochanganyika na ya wageni, ndiyo dhaifu kuliko zote. Wanaoona tasca imechafuliwa na wageni wakumbuke kwanza kwamba waanzilishi wake wengi walikuwa wageni. Kisha watazame kabati la kioo pale kaunta: kando ya vitumbua vya bacalhau hupangwa chamuça, yaani sambusa, iliyofika Lisbon kutoka Goa, huko India, na Msumbiji. Mwaka 1975, makoloni yalipopata uhuru, watu wapatao nusu milioni walirejea Ureno, wengi wao kutoka Angola na Msumbiji, wakiwa na pilipili zao, kuku wao wa kuchoma na mchuzi wao wa kamba. Leo katika majiko mengi anayekoroga supu ametoka Brazili, Cape Verde, Nepal au Bangladesh. Ikiwa supu ni nzuri na jirani anaimudu, tasca bado ipo.

Kizazi kipya cha wapishi nacho kimeingia, kikichukua vyumba vya zamani pamoja na jina na vigae vyake, na kupika upya firigisi, maini na mchele wa pweza kwa ustadi ambao, nakiri kwa furaha, wakati mwingine huzidi ule wa zamani. Wamewarudisha vijana kwenye vyakula vilivyokuwa vikionewa aibu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini meza sharti iwekwe nafasi siku kadhaa kabla, sahani ni ndogo na za kushiriki, na bei humfaa mtu anayekula nje mara moja kwa juma. Tasca ya kawaida huuza hata nusu sahani, ambayo mara nyingi inatosha kumshibisha mtu mwenye njaa, na mwenyewe hujumlisha hesabu kwa kalamu juu ya karatasi ya mezani mbele ya macho ya mteja.

Vijijini Alentejo tatizo ni jingine kabisa, na kulichanganya na la Lisbon kunapotosha. Katika maeneo kama Vila de Frades, ambako divai bado huchachushwa ndani ya mitungi mikubwa ya udongo kwa njia iliyorithiwa tangu enzi za Warumi na kufunguliwa siku ya Mtakatifu Martin, 11 Novemba, mtalii ni msaada. Kule kinachopungua ni watu. Uimbaji wa pamoja wa eneo hilo, uliozoeleka katika taberna, yaani vilabu vya divai, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2014, lakini orodha haileti vijana wa kuishi kijijini.

Mijini, chombo kikuu cha ulinzi ni mpango wa Lojas com História, yaani Maduka yenye Historia, ulioanzishwa na manispaa ya Lisbon mwaka 2015, na sheria ya kitaifa ya 2017 iliyowapa wapangaji wa biashara zilizotambuliwa kinga ya muda dhidi ya masharti mapya ya pango. Nauunga mkono, ila naona vigezo vyake vinatazama historia ya shughuli, mandhari ya duka na urithi usioshikika, na havigusi bei ya mlo. Mahali panaweza kulindwa kwa kila kigezo huku mhudumu wa hospitali ya jirani akipita mlangoni bila kuingia. Posho ya chakula ya mtumishi wa umma ilipandishwa mwaka 2023 hadi euro 6 kwa siku, ilhali sahani ya mchana yenye supu na kinywaji hugharimu takriban euro 10 hadi 12 katika miji mikubwa. Na kwa anayelipwa kima cha chini, kilichokuwa euro 870 kwa mwezi mwaka 2025, kula hivyo kila siku ya kazi ni karibu robo ya mshahara kabla ya makato, au zaidi.

Ningependa basi kinga ya pango iambatane na sharti moja: sahani ya siku, mchana wa siku za kazi, kwa bei inayokaribia posho hiyo. Wapo watakaosema kwamba sharti hilo linamtwika mwenye tasca mzigo ambao serikali imeshindwa kuubeba, na wana haki. Ndiyo maana nafuu ya kodi ya ongezeko la thamani ielekezwe kwenye sahani hiyo pekee, ili chakula cha jioni cha mgeni kilipiwe kodi yake yote na mlo wa mchana wa jirani upunguziwe.