Tuchanganye misindano na miti ya majani mapana, ila kwa mpangilio

Kuanzia Mafinga hadi Makambako, na kutoka Njombe kupanda Makete, vilima vingi vimejaa misindano mitupu (yaani misonobari), na pasipo misindano pana milingoti (mikaratusi). Msindano unalipa na sina ugomvi nao. Ninachopinga ni kuujaza shamba zima mpaka kwenye chemchemi. Miaka ya 1980 vidukari vya misaipresi viliingia Afrika Mashariki na kukausha misaipresi mingi, kwa sababu mdudu akishalipata shamba la aina moja hana kinachomzuia kutoka mti hadi mti.

Wapo wanaosema miti ya jamii ya msindano haikai pamoja na ya majani mapana. Waende wakaione misitu ya asili ya Rungwe na Livingstone, anakoishi kipunji, nyani aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2005. Humo mpodo, usio na maua na ulio jamaa ya msindano na msaipresi, unakua bega kwa bega na miti ya majani mapana.

Tatizo ni jinsi tunavyochanganya. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari inachukua miche kama 450. Wengi wakiamua kuchanganya hupanda mmoja mmoja kwa kupokezana: msindano, mgrevilea, msindano, mpodo. Msindano unawahi juu kuliko yote. Miaka michache tu unafunga juu, mpodo unadumaa, na mti wa majani mapana unapinda kutafuta mwanga hadi hautoi tena ubao ulionyooka. Panda kwa mikanda: mistari sita ya misindano, kisha minne ya majani mapana, na kati ya mikanda acha mita 4 au 5. Nafasi hiyo si hasara, maana ndiyo njia ya kutolea magogo. Kwenye mteremko, mikanda ikinge mteremko, isishuke nao, la sivyo njia hizo zitageuka makorongo.

Mpodo una njia yake nyingine, na kwangu ndiyo bora. Ukiwa mdogo huvumilia kivuli, kwa hiyo subiri mpaka upunguze misindano ibaki kama 260 kwa ekari, ndipo uupande kwenye mapengo. Shimo la sentimita 30 kila upande linatosha, liwe limeloa hadi chini. Kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, kivuliwe chote, na mche ambao mizizi yake imejizungusha chini utupwe, kwani hautapona hata ukiubembeleza. Miaka miwili ya mwanzo palilia kisahani cha nusu mita kuzunguka kila mche.

Kwenye kitalu ndiko makosa mengi yanakoanzia. Miche ya misindano huchanganyiwa udongo wa chini ya misindano mikubwa, kwa ajili ya kuvu anayeishi kwenye mizizi na kuusaidia mti kufyonza chakula. Ni sahihi kabisa. Lakini kuvu huyo hausaidii mpodo, unaotumia wa aina nyingine kabisa. Mpodo uchanganyie udongo kidogo wa juu kutoka chini ya miti ya asili, kwa ruhusa kama msitu ni wa hifadhi. Mbegu pia zina masharti. Mpodo una mti jike na mti dume. Ukiona mti hauzai mwaka hadi mwaka, huenda ni dume. Mbegu za Prunus africana, mti wa majani mapana ambao gome lake hutafutwa kwa dawa ya tezi dume, hazikai ghalani. Zisipokuwa mbichi wakati wa kusia, hazioti.

Kwenye vyanzo vya maji hapana mjadala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kando ya maji. Hapo panafaa mivengi na miti mingine ya asili, mlingoti usisogee.

Hatari ya moto isichukuliwe kuwa imekwisha kwa sababu umepanda majani mapana. Mkanda wa majani mabichi hupunguza kasi ya moto wa chini, lakini sindano zilizorundikana zikishika, barabara ya moto ya mita 10 iliyosafishwa kabla ya Julai kuisha ndiyo inayookoa shamba. Mpodo una gome jembamba, moto mmoja unaumaliza.

Najua swali la fedha: nani atasubiri mpodo? Kwa mwenye ekari kumi, mbili za majani mapana zinatosha, zikiwekwa mabondeni na mipakani, na mgrevilea utaanza kutoa kuni na nguzo mapema. Kazi ngumu itakuja siku ya kuvuna. Mwambie mwenye chenso, kabla hajawasha, kila msindano uangukie ndani ya mkanda wake au njiani. Matawi yarundikwe mbali na mipodo, na yasichomwe hapo.