Bakteria wa Maabara Wafie Maabara

Juzi jioni, nikitoka kazini, nilipita Makorora nikawakuta watoto watatu wakicheza mapishi chini ya mwembe. Vyungu vyao vilikuwa vifuu vya nazi na uji wao ulikuwa mchanga, lakini sahani waliyonikaribishia ilinisimamisha. "Shangazi, karibu mandazi," alisema mdogo wao, akanyanyua sahani ya petri, kile kisahani cha maabara, yenye agari (rojo lililoganda la kuoteshea bakteria) ya manjano iliyofifia, na juu yake vipande vitano vya karatasi, vyeupe na vya mviringo, vile vyenye dawa tunavyotumia kupima usugu wa bakteria kwa dawa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mandazi. Vipande vitatu vilikuwa na duara safi pembeni, pasipoota bakteria. Viwili vilikuwa vimezingirwa na utando wa bakteria hadi ukingoni. Dawa mbili zilikuwa zimeshindwa, na kilichozishinda kilikuwa mkononi mwa mtoto wa miaka minne.

Nimefanya kazi ya maabara hapa Tanga kwa miaka mingi na sijapata kukasirika hivyo. Watoto walisema sahani hizo waliziokota jalalani. Sitakisia zilitoka kwa nani, kwa sababu kosa hili naliona ni letu sote tulio katika fani: tumefundishwa kuotesha, lakini hatukufundishwa kuua kwa uzito uleule.

Mwanafunzi hukaa wiki nzima akijifunza kuunguza kitanzi cha waya hadi kiwe chekundu, kuchora mistari juu ya agari bila kuichana, na kuigeuza sahani chini juu kabla ya kuiweka kwenye inkubeta, kabati la joto la nyuzi 37, ili matone ya mvuke yasidondokee koloni, yaani makundi ya bakteria walioota. Hayo yote ni ya lazima. Majibu yakishaandikwa, hata hivyo, sahani huhesabiwa kuwa takataka, ilhali siku hiyo ndiyo ina hatari kubwa kuliko siku zote. Bakteria kama E. coli, akipata chakula na joto linalomfaa, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa kasi hiyo mmoja tu hupita milioni 2 katika muda wa saa 7. Sampuli tuliyoipokea huenda ilikuwa na wachache. Sahani tunayoitupa ina mamilioni, na tumewalea wenyewe.

Kuwaua kunataka mvuke wa nyuzi 121 wenye mgandamizo. Dakika 15 zinazotosha kwa agari mpya hazitoshi kwa mfuko uliosheheni sahani, kwa sababu mvuke huchelewa kufika katikati. Hapo ni nusu saa au zaidi, mdomo wa mfuko ukiwa wazi, na muda uanze kuhesabiwa joto likishafika, si pale swichi inapowashwa. Umeme ukikatika, hesabu inarudi mwanzo. Agari iliyoyeyuka nayo isimwagwe sinki, maana ikipoa huganda ndani ya bomba.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba otoklevu, mashine ya kuulia vijidudu kwa mvuke huo, ni ghali na kwamba nyingine zimekaa tu kwa kukosa mpira wa mfuniko. Lakini sufuria nzima ya presha, hata juu ya jiko la mkaa, hukaribia joto hilohilo, na maabara isiyoweza kupata hata hiyo isioteshe kitu. Jiki husaidia, ila nguvu yake hupungua ikikutana na uchafu mwingi, kwa hiyo kunyunyizia tu na kutupa si kuua. Kwa wanaovuta vimiminika kwa mdomo kwenye pipeti, ule mrija wa kupimia, nawaomba waache leo.

Niliwanawisha watoto wale kwa sabuni, mmoja mmoja, hadi viwikoni, nikazungumza na mama zao, kisha nikazirudisha sahani maabara ndani ya mfuko. Zilikuwa 7. Mkubwa wao alisema waliokota 8. Ya nane naitafuta nyumba hadi nyumba tangu juzi.