Usanifu wa ndani chuoni: miaka minne ya chumba au mitano ya jengo zima?

Kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayependa mambo ya ndani ya nyumba anakuta milango miwili Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Mmoja ni shahada ya ubunifu wa ndani, miaka minne. Wa pili ni shahada ya usanifu majengo, miaka mitano, na akishahitimu hakuna wa kumzuia kujikita kwenye mambo ya ndani. Upo na mlango wa tatu ambao wazazi hawapendi kuutaja: kwenda Keko, mtaa wa Dar es Salaam wenye karakana za samani, kwa seremala anayejua kazi, akae naye miaka miwili, atoke na mkono wake.

Wanaoibeza shahada ya miaka minne husema ni masomo ya rangi na mapazia. Hoja hiyo ni dhaifu, na udhaifu wake unaonekana mtu akikaa na hesabu. Chukua darasa la mita 6 kwa 8, yaani mita za mraba 48, linalohitaji mwanga wa laksi 300, yaani lumeni 300 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotolewa na taa) kwa kila mita ya mraba. Zidisha, unapata lumeni 14,400 zinazotakiwa kufika mezani. Taa moja inatoa lumeni 3,600, lakini si zote zinazofika: nyingine zinamezwa na kuta na dari, nyingine zinapungua kwa vumbi na uchakavu wa taa. Kama kuta ni nyeupe na dari ni safi, tunaweza kukadiria kwamba sehemu 0.6 ya mwanga inafika, kisha tukazidisha kwa 0.8 ya uchakavu. Kila taa inabaki na lumeni 1,728; gawa 14,400 kwa hizo, jibu ni taa 8.3, kwa hiyo unafunga 9, safu tatu za taa tatu. Sasa mwenye shule akiamua kuta ziwe za kahawia iliyokolea, ile 0.6 inaweza kushuka hadi 0.4, na taa zinakuwa 13. Rangi imeongeza taa nne, waya wake, na bili ya umeme ya kila mwezi. Huyo anayeitwa mtu wa rangi ndiye aliyepaswa kulisema hilo kabla kopo la kwanza halijafunguliwa.

Sauti nayo ni hivyo hivyo. Ukumbi wa mita 10 kwa 15 wenye kimo cha mita 4 una ujazo wa mita 600 za ujazo. Ukiujaza vigae, vioo na plasta, ukabaki na unyonyaji wa sauti sawa na mita za mraba 48 tu za uso unaomeza sauti yote, mwangwi utadumu sekunde 2. Kwa hotuba tunataka karibu sekunde 1, kwa hiyo unyonyaji huo lazima uongezwe maradufu: mapazia mazito, viti vyenye kitambaa, dari ya vibao vyenye matundu. Kumbi nyingi za mikutano mijini zinaongezewa spika kila mwaka, na watu wa nyuma bado hawasikii neno. Spika hazina kosa.

Hata hivyo, wa Keko wana hoja ambayo vyuo havipendi kuisikia. Mhitimu anayechora kabati la jikoni bila kujua ubao unauzwaje ni hasara kwa mteja. Ubao wa MDF, yaani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, wa unene wa milimita 18 huja ukiwa milimita 2440 kwa 1220. Ubavu wa kabati la chini wenye kimo cha 720 na kina cha 560 unatoka mara sita kwenye ubao mmoja, msumeno ukila milimita 3 kila mkato. Mhitimu akiona kina cha 620 kinapendeza zaidi, mbavu mbili haziwezi tena kukaa upande wa 1220, na ubao ule ule unatoa tatu tu. Milimita 60 zimefanya idadi ya mbao za mbavu iwe mara mbili. Seremala anajua hili bila kushika kalamu. Anajua pia kwamba kimo cha 720 kikiongezwa miguu ya 100 na meza ya juu ya 40 kinafika 860, na kwa mpishi wa kimo cha kawaida hapo mgongo hauumi.

Ila seremala huyo huyo hukwama mahali pengine. Mteja anamletea picha ya simu, naye anaiiga vizuri kwa macho. Picha haimwambii kwamba jiko lile liko nchi yenye baridi na hewa kavu, na hili liko Kigamboni. MDF ya kawaida chini ya sinki, kwenye hewa ya pwani, huvimba kwanza pale ukingo haukuzibwa: tundu la bomba, sehemu ya chini ya mlango, mahali bawaba ilipochimbwa. Dari ya jipsamu ya kawaida bafuni nayo inafanya madoa, kisha inalegea kwenye skrubu. Dawa yake haina maajabu: ubao unaostahimili unyevu chini ya sinki, kingo zote zizibwe pamoja na zile zisizoonekana, jipsamu ya maeneo yenye maji, na njia ya kutolea hewa nje. Haya yanatakiwa yaandikwe kwenye mchoro ili fundi yeyote ayafuate hata mbunifu akiwa safarini. Kuandika mchoro unaojitosheleza ndicho chuo kinachoweza kukupa kuliko karakana. Ramani ya 1:50 (sentimita moja mchoroni ni hamsini jengoni) inaonyesha chumba, mkato wa 1:20 unaonyesha kabati, na mchoro wa 1:5 unaonyesha ukingo unavyokutana na ukuta.

Tukirudi kwenye milango miwili ya chuo, ugomvi halisi uko kwenye ukuta. Kazi kubwa za ndani huanza na mteja anayesema, "Huu ukuta utoe, sebule ipate nafasi." Kwenye jengo la nguzo na mihimili ya zege, ukuta wa tofali mara nyingi ni wa kujaza tu. Kwenye nyumba ya kawaida ya tofali isiyo na nguzo, ukuta huo huo unaweza kuwa ndio umebeba lenta, paa, au slabu ya ghorofa. Ukikosea kuusoma, nyufa zitaanza juu ya milango iliyo karibu nao, za mshazari, na kufikia hapo mzigo umeshahama. Msanifu majengo amefundishwa kulisoma jengo zima, na bado atamwita mhandisi. Aliyesoma mambo ya ndani atamwita mhandisi mapema zaidi, au atatakiwa kumwita. Tatizo linatokea pale anapojiona ameshajua.

Sheria nayo ina neno lake. Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi husajili pia wabunifu wa ndani, lakini kwa fungu lao. Usajili huo haukugeuzi kuwa msanifu majengo. Kenya, Sura ya 525 ya sheria za nchi inawalinda wasanifu majengo na wakadiriaji, na mbunifu wa ndani anajitafutia heshima kwa kazi zake. Ujerumani wanakwenda mbali zaidi: jina la msanifu wa ndani linalindwa na sheria za majimbo, huwezi kujiita hivyo bila kuandikishwa. Kwa mtu anayeota kusaini michoro ya kibali cha ujenzi kwa jina lake, mwaka mmoja wa ziada ni bei ndogo. Hapo sioni mjadala.

Lakini kuna kazi ambazo mpaka huo wenyewe unavunjika, na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mfano bora kuliko wowote nchini. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zina vyumba vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu boriti za mkoko hazivuki zaidi ya hapo. Mwenye nyumba anataka hoteli, na kila chumba kiwe na bafu lake. Mchoro wa ndani unaonekana rahisi: kata kona, weka choo, weka bafu la kusimama. Maji yanayovuja kidogo kidogo ghorofani yanafuata boriti hadi kwenye ncha zake zilizofukiwa ukutani, na huko ndiko zinakooza bila kuonekana. Fundi akipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya, plasta inabanduka vipande vipande. Mabafu yapangwe moja juu ya jingine, mabomba yapite mahali panapofikika, chokaa irudi kwenye chokaa, na Mamlaka ya Mji Mkongwe iombwe ruhusa kabla ya nyundo. Uamuzi wa choo kikae wapi ni wa ndani na ni wa uhai wa jengo kwa wakati mmoja. Msanifu majengo aliyezoea zege anaweza kuikosea nyumba hiyo sawasawa na mtu wa rangi.

Kuna jambo la fedha ambalo darasani hupita haraka. Mbunifu wa ndani hulipwa kwa asilimia ya gharama ya kazi, kwa mita ya mraba, au kwa cha juu anachopewa na duka la vigae na taa. Hiyo ya tatu ndiyo inayolipa haraka na ndiyo inayoharibu jina, kwa kuwa mteja hajui kama kigae kimechaguliwa kwa ubora au kwa kamisheni. Kinga ni karatasi ya makisio ambayo mteja anaweza kuikagua mwenyewe: chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, ni 22, katoni ya vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 ina 1.44, kwa hiyo katoni 16, zote za toleo moja ili rangi zisitofautiane.

Kabla ya kujaza fomu, nenda chuoni siku ya maonyesho ya mwaka wa mwisho. Picha za kompyuta zenye jua la jioni na sofa nyeupe zipite, kila mtu anazo. Omba seti ya michoro ya kazi: imeonyesha soketi ziko kimo gani, maji ya bafu yanateremka kuelekea wapi na kwa asilimia ngapi, mlango wa choo una upana wa kupitisha kiti cha magurudumu? Kisha uliza mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi. Mwanafunzi aliyepelekwa ofisini pekee atachora vizuri na kupima vibaya saiti. Kama jibu ni karakana na saiti, na moyo wako uko kwenye vyumba kuliko kwenye misingi na paa, miaka minne inakutosha. Kama ni ofisi tu, chagua mitano, au uombe Keko nafasi ya likizo na ulipie nauli mwenyewe.