Kuchimba Monero kwenye seva ya kukodi ni kununua hasara

Seva ya c5.xlarge ya Amazon, yenye vCPU (prosesa pepe) 4 na RAM ya GB 8, hukodishwa kwa dola 0.17 kwa saa katika vituo vya Virginia. Ikiwaka mchana na usiku, ni dola 4.08 kwa siku. Anayetaka kuchimbia sarafu za kidijitali humo, yaani kuipa seva kazi ya kukokotoa ili alipwe kwa sarafu hizo, aanze na hesabu ya kile kitakachorudi, kabla hajaweka kadi yake ya benki.

Tuchukue Monero, maana ndiyo sarafu kubwa ambayo bado inachimbika kwa prosesa ya kawaida. Bitcoin ilishahamia kwenye mashine za ASIC, zilizoundwa kwa kazi hiyo tu: Antminer S21 moja hupiga heshi (majaribio ya hesabu ya uchimbaji) trilioni 200 kwa sekunde, na prosesa ya seva yetu haifikishi hata bilioni moja. Ethereum nayo iliacha kabisa uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kwa hiyo kukodi kadi za grafiki, zilizokuwa zikiichimba, hakuna tena ile sababu ya zamani.

Monero hutoa bloku (fungu la miamala) moja kila baada ya dakika 2, kwa wastani, na zawadi ya kila bloku ni XMR 0.6 (XMR ni kifupi cha Monero). Dunia nzima inagawana XMR 432 kwa siku, pamoja na ada kidogo za miamala. Tuipe seva yetu heshi 2,000 kwa sekunde, mtandao mzima tuuweke bilioni 4, na XMR moja iwe dola 200. Gawanya 2,000 kwa bilioni 4, zidisha kwa 432: unapata XMR 0.000216 kwa siku, yaani senti 4 na ushei za dola. Umelipa dola 4.08.

Hayo ni makadirio, kila mtu aweke tarakimu za siku yake. Lakini hata bei ya Monero ikipanda mara tano bila mchimbaji mpya hata mmoja kujiunga, utaingiza senti 22. Hata ukipata seva za bei ya mabaki, zile zisizo na mpangaji, kwa punguzo la asilimia 90, utalipa senti 41. Na kundi la wachimbaji mnaogawana mapato likiweka kiwango cha chini cha malipo kuwa XMR 0.1, utasubiri zaidi ya siku 460 kabla ya kuona malipo ya kwanza. Dola 122 za bili ya mwezi mmoja zingekununulia XMR 0.61 sokoni siku hiyo hiyo.

Tena heshi 2,000 ni ukarimu. RandomX, kanuni ya uchimbaji wa Monero tangu Novemba 2019, inataka MB 2 za kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) kwa kila uzi, yaani kila mkondo wa kazi wa prosesa. vCPU 4 za c5 ni nyuzi 4 za kori 2, na kashe hiyo mnaigombea na wapangaji wengine wa mashine ile ile. Unaweza kuweka kurasa kubwa za kumbukumbu (vm.nr_hugepages=1280 ndiyo thamani inayotumika sana na XMRig, programu ya kuchimba) na kasi itapanda. Marekebisho ya MSR (mipangilio ya ndani ya prosesa), yanayowapa wenye mashine zao kasi zaidi, kwa kawaida hayapiti ndani ya mashine pepe kama hizi za kukodi. Kwenye seva za bei poa, fungua programu ya top uangalie tarakimu ya st: ikipanda, muda wako wa prosesa unachukuliwa na jirani.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye seva ndogo. t3.micro ya Amazon ina RAM ya GB 1, na RandomX kwa kasi kamili inahitaji zaidi ya GB 2, hivyo huangukia kwenye hali nyepesi ya MB 256 na kasi inaporomoka. Seva hiyo imepangiwa asilimia 10 tu ya kila vCPU. Seva za T3 huanzishwa zikiwa kwenye hali isiyo na kikomo, yaani zinaruhusiwa kupita kiwango hicho, na kinachozidi hutozwa dola 0.05 kwa kila saa ya vCPU. Kwa vCPU 2 zinazofanya kazi muda wote, ziada hiyo ni dola 2.16 kwa siku, juu ya kodi ya seva yenyewe. Wengi hulijua hili bili ikishafika.

Punguzo lolote halitalibadilisha hili, na sababu iko kwenye uchimbaji wenyewe. Faida ikionekana, mashine huongezeka na ugumu wa kuchimba hupanda, mpaka wanaobaki ni wale wenye umeme wa bei ya chini kabisa. Hifadhi ya Virunga huko Kongo inachimba Bitcoin pale Luviro kwa umeme wa maji wa kwake, ambao usipotumika unapotea. Mpangaji wa seva analipa umeme, mashine, jengo la kupoozea, mafundi, intaneti na faida ya mwenye seva. Kungekuwa na faida humo, mwenye seva angechimba mwenyewe.

Hata nyumbani ni kazi. Prosesa ya Ryzen 9 5950X hufikia heshi 20,000 hivi kwa wati 150: kwa makadirio yale yale ni senti 43 kwa uniti 3.6 za umeme, yaani senti 12 kwa uniti. Mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hulipa shilingi 350 na zaidi kwa uniti. Umeshapita senti hizo 12.

Tena kampuni za seva hazitaki. Amazon na Microsoft zinadai kibali cha maandishi kwanza, Hetzner imepiga marufuku kabisa. Anayepata faida kwenye wingu, yaani kwenye seva hizi za kukodi mtandaoni, ni yule asiyelipa bili. Novemba 2021 Google ilieleza kwamba kati ya seva 50 za wingu lake zilizovamiwa karibuni, asilimia 86 zilitumika kuchimba sarafu, na katika asilimia 58 programu ya kuchimba ilipakuliwa ndani ya sekunde 22 baada ya uvamizi.

Kwa hiyo mwenye akaunti ya wingu ajihadhari na wachimbaji wa wengine. Usiache funguo za siri za akaunti kwenye hazina ya wazi ya GitHub, mtandao wa kuhifadhi misimbo ya programu. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti kuu. Weka tahadhari ya bajeti, hata ya dola 5, na omba ukomo wa seva ushushwe kwenye maeneo usiyoyatumia, kwa sababu wezi hupenda kuwasha mashine kubwa kule ambako huangalii.