M ni ya Maliza

Nano, programu ya kuandikia matini ndani ya terminali, yaani kioo cha maandishi matupu kisicho na picha wala kipanya, ina adabu ambayo wenzake wengi hawana: huorodhesha vitufe vyake chini ya kioo ili mgeni asipotee. Ubaya ni kwamba vitufe hivyo vilipangwa na watu waliofikiri kwa Kiingereza. Ctrl na O huhifadhi faili, Ctrl na W hutafuta neno, Ctrl na U hubandika, Ctrl na X hufunga. Kwa Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na ambaye pia ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, orodha hiyo haikuwa na kichwa wala miguu. Alinitazama kwa huruma, akauliza, "Hifadhi inaanzaje na O, mwanangu?"

Kompyuta yake ilikuwa mpakato iliyochoka, yenye kumbukumbu ndogo kiasi kwamba programu za kisasa zingeizimisha papo hapo, ndiyo maana nilimwekea mfumo wa Linux mtupu, maandishi meupe juu ya kioo cheusi. Yeye aliipenda hivyo hivyo, kwa kuwa wajukuu walipoichungulia hawakuona kitu cha kuchezea wakaiacha. Na kuhusu vitufe, Nano inaruhusu mtu ajipangie njia zake za mkato katika faili iitwayo .nanorc, kwa hiyo jioni moja tuliketi tukaitafsiri kibodi. H iwe Hifadhi, T iwe Tafuta, N iwe Nakili, B iwe Bandika. K hatukuigusa, kwani Ctrl na K tayari hukata mstari, na Mama mkubwa alisema hiyo ni dalili kwamba hata Wazungu wakitulia wanaweza kufika kwenye neno Kata. Ilipofika zamu ya kufunga programu, alitamka mwenyewe bila kusita: M, Maliza.

Nikaandika bind ^M exit main, yaani Ctrl na M (alama ^ ndiyo Ctrl) ifunge programu, nikahifadhi, tukafanya majaribio. "Dagaa wa leo wamekauka vizuri," niliandika. Ctrl na H, ikahifadhi. Ctrl na M, ikafunga. Mama mkubwa alirudia mwenyewe kwa kidole kimoja, ikafunga tena, akapiga vigelegele. Nililishwa ugali kwa sato nikaaga. Hakuna aliyejali kwamba sentensi yetu ya majaribio ilikuwa na mstari mmoja tu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mwenyewe. Mkutano wa kikundi ulipokaribia, Mama mkubwa alifungua daftari lake la marejesho ya mikopo, akaanza kunakili. Akaandika kichwa cha taarifa, akabonyeza Enter ili ashuke mstari wa pili, na Nano ikamuuliza kama ahifadhi kabla ya kufunga. Akashangaa, lakini kwa kuwa ni mtu wa heshima akakubali, akajikuta nje kwenye kioo cheusi. Akaifungua faili upya, akaenda hadi mwisho wa kichwa, akabonyeza Enter, na safari hii ikafunga bila hata kuuliza, kwa sababu hapakuwa na jipya la kuhifadhi. Akahisi mashine imechoka, akaizima ipumzike. Ilipoamka ikawa na haraka ile ile.

Mtu aliyekausha dagaa misimu yote ya mvua hashindwi na kitufe kimoja. Mama mkubwa aliacha kushuka mstari. Aliandika taarifa nzima kwenda kulia tu, na Nano ikamfuata kulia, kwani tangu toleo la 4.0 la mwaka 2019 programu hiyo haivunji tena mistari mirefu yenyewe isipoamriwa. Alipofika mwisho alibonyeza Ctrl na H, akatoka kwa Enter bila kubughudhiwa, akamtuma mjukuu na flashi kwenye duka la steshenari.

Sasa ieleweke kwamba daftarini kila mwanachama alikuwa na mstari wake, jina kushoto na hali ya deni kulia, na kwa mpangilio huo alama za uandishi hazihitajiki. Mama mkubwa alinakili kama ilivyo. Alikuwa na njia sita za mkato na hakuweka mkato hata mmoja. Majina ya wahusika nayaacha, kwa kuwa bado napita sokoni pale, nitawataja kwa mitaa yao. Taarifa ilisomeka hivi: "Mama wa Igoma amelipa Mama wa Buzuruga hajalipa Mama wa Pasiansi amelipa Mama wa Nyamanoro amelipa Mama wa Kitangiri hajalipa Mama wa Bwiru amelipa."

Karatasi nayo ina ukingo. Printa ilijaza mstari wa kwanza hadi kwenye jina la Mama wa Buzuruga, na mstari wa pili ukaanza na neno "hajalipa". Mwekahazina, ambaye ndiye aliyepewa kusoma kwa kuwa ana miwani, alitua pale ukingo ulipomlazimisha, akavuta pumzi, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Hajalipa Mama wa Pasiansi. Amelipa Mama wa Nyamanoro. Amelipa Mama wa Kitangiri. Hajalipa Mama wa Bwiru." Ni Kiswahili safi kabisa, hakuna mwalimu ambaye angemkosoa.

Mama wa Pasiansi alisimama. Alikuwa amelipa mchana kweupe, mbele ya watu, na noti alizihesabu mara mbili. Mama wa Bwiru naye akasimama, akaanza kufungua pindo la kanga kutafuta risiti. Mama wa Kitangiri, mdaiwa sugu wa kikundi, alibaki ameketi, akasema kwa upole kwamba siku zote amejua katibu wao ni mwanamke wa haki. Mama wa Buzuruga hakutajiwa hali yoyote, na kwa busara hakuuliza. Mwisho wa ukurasa lilibaki neno "amelipa" peke yake, halina jina mbele wala nyuma, likagombewa na Pasiansi na Bwiru kwa pamoja, kila mmoja akidai ni lake limeteleza tu.

Nilipigiwa simu ghasia zikisikika nyuma yake. "Shikamoo, Mama mkubwa." "Marahaba, njoo umalizane na hiyo M yako."

Nilifika, nikabonyeza Enter, nikafungiwa mlango. Ndipo nikaketi kusoma mwongozo wa Nano, ambao unasema waziwazi, kwa upole unaostahili adhabu, kwamba kubadili kazi ya ^M huenda lisiwe wazo zuri. Sababu yake ni ya zamani. Katika ASCII, jedwali la kuipa kila herufi namba yake lililotolewa Marekani mwaka 1963, kabla hata Tanganyika na Zanzibar hazijaungana, herufi M kubwa ni namba 77. Ukishikilia Ctrl, mashine hupunguza 64, hubaki 13. Na namba 13 ndiyo hiyo hiyo ambayo Enter hutuma. Nano hupokea namba tu, haina namna ya kujua ni kidole gani kimegusa nini. Kwa hesabu hiyo hiyo Ctrl na I ni Tab, na Ctrl na H ingeweza kuwa kitufe cha kufutia, isipokuwa kwenye kompyuta ile kitufe hicho hutuma 127, ndiyo maana Hifadhi ilipona.

Nilimweleza Mama mkubwa haya yote kwa kalamu nyuma ya taarifa. Hesabu haimsumbui. "Sabini na saba toa sitini na nne, kumi na tatu, sawa," alisema. "Yaani hao watu waliuza kiwanja kimoja kwa wateja wawili, na wewe ukaniandikisha mimi wa pili." Nikasema ndiyo, na kwamba mpango wetu ulikuwa mzuri, waliotuangusha ni wa mwaka 1963. Hakunipinga, ila aliniambia niende nikawaeleze hivyo akina mama waliokuwa wanasubiri nje.

Tuliifuta M, tukaweka F iwe Funga, baada ya mimi kuhakikisha kwamba 70 toa 64 ni 6 na kwamba hakuna kitufe cha maana kinachotuma 6. Taarifa ikaandikwa upya, kila mama na mstari wake, ikasomwa, Pasiansi na Bwiru wakaketi. Mama wa Kitangiri pekee ndiye aliyepinga, akitaka taarifa ya kwanza iheshimiwe kwa kuwa ilikuwa imeshasomwa kikaoni na hakuna aliyenyoosha mkono kupinga jina lake. Hoja hiyo ilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, na kura mbili zikamuunga mkono: ya kwake na ya Mama wa Buzuruga.