Tudor maji kuwa kijani, eti ni kaskazi tu

Juzi kwa grupu ya mtaa mtu katuma video ya maji ya kriki, huu mkono wa bahari hapa Tudor, Mombasa, kijani kama supu ya mchicha, na jamaa mmoja akajibu ati "hiyo ni kaskazi, mambo ya upepo wa msimu, yaondoka yenyewe". Basi, tumepata mtaalamu.

Haya, nakubali kidogo. Upepo ukilala, jua likichoma na maji yakatulia, ule mwani mdogo usioonekana kwa macho huzaana haraka sana, maji yakageuka kijani. Na mwanzoni mwa 2002 samaki walikufa wengi kule Kiunga mpaka Somalia sababu ya mwani wenye sumu, hiyo siwezi kumbebesha mtu wa Tudor.

Lakini mwani hauishi kwa jua peke yake jamani, unataka naitrojeni na fosforasi, na hizo humu kriki zatoka wapi kama si vyooni kwetu? Mji huu sehemu kubwa hauna mabomba ya maji taka, ni mashimo tu, mvua ikija mashimo yafurika, mtaro wapokea na mtaro waishia baharini. Nyuma ya nyumba yetu asubuhi wapita maji ya kijivu na povu la sabuni za kufulia, uyafuate kwa miguu utafika kwa mikoko, mizizi ina ute mweusi na mifuko ya plastiki imening'inia mpaka pale maji kujaa yanapofika. Halafu yale malori ya eksosta, ya kunyonya mashimo ya vyoo, ya saa nane usiku, kwani mwadhani yaenda kuzuru jamaa?

Mwani wenyewe ukifa waoza, bakteria wamaliza oksijeni, alfajiri waona tafi wako juujuu wanatafuta pumzi na watoto washangilia ati samaki wa bure.

Na nyie mlao kome na chaza wa humu mkisema "chemsha sana, tia ndimu", mniskize: hao huchuja maji siku nzima wakaiweka sumu mwilini, na kuna sumu ya mwani ambayo moto hauiondoi kabisa, hupooza mpaka misuli ya kupumulia. Sasa hiyo ndimu itafanya nini?

Tukiuliza maji taka twaambiwa mradi uko njiani. Tangu nikiwa skuli ya msingi uko njiani, sijui watembea kwa miguu kutoka Nairobi.